Pazia la Kisasa la Mzee Kihachi

Naotaka alikuwa na digrii ya usanifu, miwani isiyo na vioo, na imani kwamba ua likichorwa likafanana na ua, mchoraji kashindwa kazi!

"Picha ya mochi kwenye duka la mochi?" alimcheka Mzee Kihachi wa mji wa Matsue, Japani, mpika mochi, zile keki laini za mchele zenye maharage matamu ndani. "Mzee wangu, huo ni ushamba! Chapa ya kisasa haipayuki, inanong'ona."

"Basi inong'one vizuri," alijibu Mzee. "Wateja wamenikimbia. Ukiwarudisha, chama cha wenye maduka kitakupa mabango ya mtaa mzima."

Mtaa mzima! Naotaka akajifungia na rula siku tisa. Alipotoka, alitoka na mistari. Mistari minene ya wima: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Mweusi maharage, mweupe mchele. Kwisha! Akaichapa kwenye pazia, na asubuhi ya ufunguzi akalitundika likafunika mbele yote ya duka.

Saa nne watu wakafurika. Naotaka akavimba kichwa. Lakini mbona wamevaa nyeusi? Mbona wameshika tasbihi? Mbona wanalia?

"Pole, mwanangu," alisema Bibi Fusae wa jirani. "Amefariki saa ngapi?"

"Nani?"

"Kihachi! Si mmetundika pazia la msiba?"

Naotaka akaligeukia pazia lake. Japani nzima mistari ile myeusi na myeupe hutundikwa penye msiba, hata mtoto wa chekechea anaijua. Yeye kaitazama siku tisa, akaona maharage!

Mbele ya wote, Gonzaburo, mwenyekiti wa chama na mpika mochi mwenzake, hasimu wa miaka ishirini, alikuwa akijipiga kifua. "Mochi zake zilizishinda zangu! Nilimwonea gere tu!"

Pazia likafunuliwa. Kichwa cha Mzee Kihachi kikachomoza. "Rudia hapo! Sauti juu kidogo!"

Gonzaburo alitoka mbio akaacha kiatu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kwa kuwa kicheko huleta njaa, kufika saa sita mochi zilikwisha.

"Wateja si hao?" Naotaka alimkimbilia Gonzaburo. "Mabango yangu je?"

"Labda nife kweli!"

Ndipo bwana mmoja mwenye suti nadhifu akamwinamia Naotaka mpaka kiunoni. "Mwalimu, mtaa mzima umeelewa bila herufi hata moja! Nahitaji fundi kama wewe."

Machozi yakamlenga Naotaka. "Hatimaye, mtu anayejua sanaa! Unauza nini, bwana?"

"Majeneza."