Kifaranga cha Kuchagua Kozi

Jumanne, 19 Agosti 1997

Mjukuu wangu Kabula kapata chuo! Ila hadi Ijumaa awe amepiga simu kusema anasoma fedha au uchumi. Asipopiga, nafasi anapewa mwingine. Anataka uchumi, ajue kwa nini bei ya pamba imeanguka tangu waje wanunuzi binafsi. Nimemwambia ni wezi. Nimemjibu bure, miaka mitatu ya nini? Asome fedha, akae benki kwenye kiyoyozi.

Wifi yangu Milembe kadakia kwamba mimi shule sijaiona hata mlango. Kweli. Nina kisomo cha watu wazima tu, na kinatosha kuandika hapa kwamba Milembe ana mdomo.

Jumatano

Kabula hali, hasemi. Nimempikia michembe, viazi vikavu, kwa karanga, hajagusa. Dawa ni mfumu Mahona, mpiga ramli wetu. Anayeulizwa hutemea mate kifaranga, mfumu anakipasua, anasoma ndani. Kikisema fedha, nani atabisha? Kabula kakataa, eti yeye mwanakwaya. Nimetema mimi. Si ukoo mmoja!

Alhamisi

Balaa! Milembe kanifuata hadi kwa Mahona. Mfumu kapasua, kainama. Nikamnong'oneza aitafute benki. Akasema benki haioni. Anaona mtu mwenye goti bovu, anayeingilia ya wenzake, na chuo hatakanyaga maisha yake yote.

Milembe huyo, mbio, kutangaza kijiji kizima kwamba kifaranga kimemkataa Kabula! Nafika nyumbani nachechemea, mtoto anatoa nguo sandukuni, analia. Haendi tena. Mwanakwaya, lakini Msukuma! Ikabidi niseme mate yalikuwa yangu. Na goti langu. Kanitazama weee, kisha kacheka mpaka kakaa chini. Nguo kazirudisha.

Ijumaa

Posta, foleni hadi nje. Simu ikakata mara mbili. Nikashika kanga kwa meno. Ya tatu ikashika. Kabula kanigeukia: Bibi, niseme nini? Mimi! Nikamwambia aseme lake, ng'wana wane, mwanangu, nitampenda hata akisomea kuchunga mbuzi. Kasema uchumi. Tumelia wote wawili mbele za watu.

Kwenye foleni nimesikia mwaka wa pili mtu anaweza kubadili kozi. Kumbe! Kikombe alichonywea Kabula chai sijakiosha. Kesho alfajiri kwa Mahona, na mate yenyewe.