Biskuti za Kumrudisha Waziri

Jumatatu, 3 Juni

Mbwa wangu amehama. Hakupotea, amehama. Namwona kutoka kwenye meza yangu ya kazi, kupitia dirishani: yuko ng'ambo ya barabara, kajinyoosha kibarazani kwa Shemeji kama mtu aliyelipiwa nyumba. Anaitwa Waziri, na amefanya kama wafanyavyo mawaziri. Kapima upepo, kavuka.

Miaka yote amelala chini ya meza hii nami natengeneza saa za watu. Nilikuwa namkanyaga mkia kila nikitafuta skrubu iliyoanguka, naye ananisamehe. Sasa chini ya meza kuna vumbi na manyoya yake tu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Mkewe alifariki mwaka jana, na mwezi uliopita akahamia nyumba inayotazamana na yetu, awe karibu na dada yake. Mimi mwenyewe nilimbebea masufuria! Yale makubwa, ya kupikia bweni zima. Hajui kupika kidogo. Kila siku anachemsha supu ya kushibisha darasa, na darasa lenyewe ni Waziri.

Nimemwambia mke wangu kwamba tumeibiwa. Akasema mbwa aliyeondoka kwa miguu yake hakuibiwa. Akasema pia kaka yake ana upweke, nimwache. Upweke! Na mimi je? Nina ukuta mzima wa saa, hakuna hata moja inayotikisa mkia.

Nimeamua. Nitaoka biskuti za mbwa. Mtu anayeweza kufufua saa iliyotumbukia kisimani hashindwi na unga.

Jumanne, 4 Juni

Unga wa ngano, yai, maji. Nimekata kwa mfuniko wa saa ya mfukoni, zikatoka duara safi. Nikazipanga kwenye trei kwa kibano changu cha kazi. Mke wangu akapita, akauliza kama hivyo ni vifungo vya koti. Nikaendelea kupanga.

Zimekaa ovenini kupita kiasi. Si kosa langu. Nilikuwa napima muda kwa saa ya mteja, nikasahau kwamba aliileta kwa sababu imesimama.

Nikavuka barabara, nikampa Waziri moja. Akaipokea kwa adabu. Hakuitafuna. Akaenda nayo taratibu mpaka miguuni kwa Shemeji, akaiweka chini. Kamzawadia! Biskuti yangu! Shemeji akaigonga ukutani, rangi ya ukuta ikabanduka. Akanishukuru sana. Alikuwa anatafuta kitu cha kuzuia mlango wake usijifunge kwa upepo.

Nimeuangalia mlango ule jioni yote. Haujifungi.

Alhamisi, 6 Juni

Kosa lilikuwa ladha. Nimenunua maini. Muuza nyama akauliza kama tuna wageni. Nikamwambia yupo mmoja, natarajia arudi nyumbani.

Maini, unga, yai. Nikaonja, maana humpi mwenzako usichokionja. Yamepooza! Kwani nani anakula maini bila kitunguu? Nikakaanga vitunguu, vingi, na vitunguu saumu juu yake, nikachanganya vyote. Harufu ilinifanya nimeze mate mimi mwenyewe. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni akauliza nani kaja kutupikia.

Waziri alivuka barabara bila kuitwa. Akala, akalamba trei, akaisukuma trei kwa pua mpaka uani. Kisha akanitazama kwa macho yale ya zamani. Nikamkuna nyuma ya sikio, mahali pake pale. Nikarudi mezani nikiimba.

Jioni akarudi kwa Shemeji. Sawa. Haba na haba.

Jumamosi, 8 Juni

Mbinu mpya! Saa ya mezani yenye kengele. Naliza kengele, natoa biskuti. Kengele, biskuti. Tangu jana ameshika somo, na wapo wanafunzi aliowapikia Shemeji ambao hawakushika lolote kwa miaka.

Leo adhuhuri Shemeji alimwekea mfupa mkubwa kama mguu wa meza. Nikailiza kengele dirishani. Waziri akainua kichwa. Akautazama mfupa. Akaitazama barabara. Akaja mbio, masikio yamelala nyuma!

Ushindi!

Shemeji alisogea mpaka getini kwake, aproni ya shule bado kiunoni, mfupa mkononi. Akaurudisha ndani polepole, kama mtu anayerudisha kiti baada ya mgeni kusema hakai.

Mke wangu aliona yote. Akaniambia nisijisifu mbele yake. Sikujisifu. Nilikuwa natabasamu tu.

Naoka trei nyingine. Vitunguu zaidi, maana ndivyo vilivyomleta.

Jumatatu, 10 Juni

Waziri kashinda chini ya meza yangu. Kutwa nzima! Hakutia mguu ng'ambo. Nimempa biskuti asubuhi, mchana na jioni. Ya jioni hakuimaliza. Nadhani ameshiba mapenzi.

Jumanne, 11 Juni

Hakuinuka.

Nikapiga kengele. Akatikisa mkia kidogo, akaacha. Mkojo wake una rangi ya chai iliyokaa. Nikamfunua mdomo: ufizi mweupe kama karatasi. Nikatoka mbio, na nilipokuwa barabarani ndipo nilipojua nakimbilia kwa Shemeji.

Akatoa toroli, akatandika blanketi lenye maua ambalo sijawahi kumwona akilitumia. Lazima lilikuwa la mkewe. Tukampakia Waziri, tukaenda naye kwa daktari wa mifugo. Yeye alisukuma, mimi nilishika kichwa. Njia nzima Shemeji alikuwa anamwambia, "Jikaze baba, jikaze, tumefika," na hatukuwa tumefika.

Daktari ni mwanamke wa maneno machache. Akampima, akatoa damu, akaikagua. Akasema damu ya mbwa huyu inaharibikia mwilini. Akauliza kama amekula vitunguu. Maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, akasema, kibichi na kilichopikwa, na kitunguu saumu ni ndugu yake.

Nikafungua mdomo.

Shemeji akaniwahi. "Ni mimi, daktari. Mifupa yote naitoa kwenye supu, na supu yangu haikosi kitunguu." Akaanza kulia palepale, mtu mzima, mikono imening'inia.

Nikafunga mdomo.

Jumatano, 12 Juni

Waziri yuko kwenye dripu. Daktari hasemi atapona, wala hasemi hatapona.

Sikufanya kazi. Nimefungua saa ya mteja, nikaifunga bila kuigusa. Skrubu ikaanguka. Nikainama kuitafuta kwa uangalifu sana, nisimkanyage mtu, na hapakuwa na mtu. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu hakungoja hata niwe babu.

Shemeji ametoa masufuria yake yote nje, kayapanga getini ili anayepita achukue. Mke wangu akaenda kumbembeleza. Alirudi macho mekundu, akanisimulia. Kaka yake amelisha watoto wa watu maisha yake yote. Lakini mkewe alipougua hakuweza kumeza hata kijiko cha chakula chake. Alipika hiki, akapika kile, akaponda, akachuja, vyote vikarudi jikoni kama vilivyokwenda. Tangu siku hizo, wa kwanza kumaliza sahani yake ni Waziri. Na sasa anaambiwa kwamba kumbe alikuwa anamwua.

Nikasema, maskini.

Kweli nilisema hivyo. Mke wangu akanitazama, akaendelea kunitazama.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata njia! Nitamwambia Shemeji kwamba kuna mpita njia niliyemwona akimtupia Waziri mabaki yenye vitunguu. Hivyo mzigo unamtoka yeye, na mimi haunikalii. Kila mtu anapumua. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: mwanamume mrefu, mfuko mkononi, kofia. Nilipofika kwenye kofia nikamwona mke wangu kiooni, nyuma yangu.

Akasema mashati yangu yananuka vitunguu tangu wiki iliyopita. Akasema yeye mwenyewe hajaonja kitunguu tangu Ijumaa, maana kila akiweka kapu linabaki tupu. Alikuwa ananingoja nione haya bila kusukumwa, lakini ameona atazeeka. "Nenda," akasema. "Na huyo mtu wako wa kofia mwache hapahapa."

Nikaenda. Barabara ile hata mtoto anaivuka kwa pumzi moja. Mimi ilinichosha.

Nikamweleza yote. Maini, vitunguu, kengele. Shemeji alikuwa amekaa juu ya sufuria lililopinduliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho nilikuwa nimeanza kurudia. Akauliza, "Pale kwa daktari, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Ukaniangalia nalia."

Nikasema, "Nilikuangalia, Shemeji."

Akainuka, akaingia ndani. Akainama, akaiokota biskuti yangu mlangoni, akaniwekea kiganjani. Mlango ukajifunga wenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna jipya. Nimemwambia daktari ukweli. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Akasema afadhali, sasa anajua ni kiasi gani. Nilipomtajia kiasi, akainua kichwa.

Mke wangu hanisemeshi isipokuwa kuniambia chakula tayari. Kila chakula kina nafasi ya kitunguu, na nafasi hiyo iko wazi. Nakula bila kulalamika.

Jumapili, 16 Juni

Waziri amesimama!

Nilifika kwa daktari asubuhi nikamkuta Shemeji keshatangulia, na kisufuria kidogo magotini. Kidogo! Sijui alikitoa wapi, na sijui alijizuiaje. Wali mtupu na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitu. Daktari alikuwa amemweleza kwamba ugonjwa haukutoka kwake, ingawa supu yenye kitunguu nayo aiache. Getini kwake masufuria yamerudi ndani, isipokuwa moja ambalo lilishapata mwenyewe.

Tulikaa kwenye benchi moja, kila mtu mwisho wake. Hakunisalimia. Kisha Waziri akatolewa, kakonda, miguu inapepesuka. Akamtazama Shemeji. Akanitazama. Akashindwa kuamua, akalala sakafuni katikati yetu na kushusha pumzi. Shemeji akacheka. Halafu akakumbuka kwamba hasemi nami, akaacha.

Nikamwomba radhi, safari hii bila kengele wala kofia. Akasema kusamehe atasamehe, kwa ajili ya dada yake, ila nimpe muda, maana kosa la vitunguu ni ujinga na ujinga tumeumbiwa, lakini lile la kunyamaza nililichagua. Baadaye, akitazama pembeni, akauliza kama yale maini niliyasaga au niliyakatakata. Nikasema niliyakatakata. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mpishi.

Tumekubaliana. Waziri atashinda kwangu asubuhi. Ikifika adhuhuri Shemeji anakuja kumchukua, na kwake ndiko atakakolala. Hakuna wa kumpa kitu bila kumuuliza daktari. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini aliutoa.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekuwa mtu mwingine. Naandika hivyo kwa moyo wangu wote.

Waziri yuko miguuni pangu asubuhi hizi, mbavu zinahesabika. Kila nikimtazama najuta upya. Nikimkuna anafumba macho, kama vile hakuna lililotokea, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Angenibwekea hata kidogo ningepata nafuu.

Shemeji anakuja adhuhuri, hakosei. Leo aliketi kidogo, akanywa chai ya dada yake, akanieleza habari za mwanafunzi mmoja aliyekuwa akificha nyama soksini. Nusura tucheke pamoja. Kisha akaondoka na Waziri, na Waziri hakugeuka. Mchana ni mrefu mno bila mbwa. Sikuwahi kulijua hilo, na mimi ni fundi saa.

Kabla ya kwenda aliniachia saa yake ya ukutani, anayoitazama kujua kama muda wa kumfuata Waziri umefika. Alisema inakimbia, niitengeneze. Alisema angeweza kuipeleka mjini, lakini hakuna fundi mwingine anayemwamini. Ananiamini! Mimi! Neno lile lilinichoma hapa kifuani. Nikafuta macho, nikaifungua saa.

Ni kweli ilikuwa inakimbia. Nimeisafisha, nimeitia mafuta, nimeirekebisha springi yake. Sasa inakwenda sawasawa, kazi safi, kazi ya uaminifu kabisa. Kisha nikaurudisha mshale nyuma. Kidogo tu. Nusu saa. Wala si kumpunja mtu: asubuhi ni ileile, inachelewa tu kuisha.