Mnyororo wa Jovita

Jumapili, 3 Julai 1955

Nimesema uongo mlangoni mwa kanisa, maji ya baraka hayajanikauka usoni. Mwalimu Jovita wa Kaagya alikuwa akieleza habari za mashindano ya baiskeli ya Jumamosi, Bukoba hadi Muleba. Yeye ndiye mwanamke pekee aliyejiandikisha. Nikasema na mimi nimo! Nikaongeza kwamba miguu yangu inajulikana hadi Nshamba. Akafurahi. Akasema nitakutana na Datius, dresa wa zahanati, ambaye hupanda naye kilima cha Kitendaguro kila jioni.

Kila jioni!

Mambo mawili. Nataka kumwoa Jovita, nimetaka tangu Pasaka. Na sijui kuendesha baiskeli. Nina miaka ishirini na tisa, karani mzima wa ghala la kahawa, na watoto wa shule wananipita barabarani wameachia mikono.

Jumatano, 6 Julai

Nimeazima baiskeli ya mjomba, Ta Rweyemamu. Nimejifunzia migombani nisionekane. Migomba haina huruma. Mara ya tatu niliingia kwenye kahawa ya mama iliyoanikwa mikekani, nikaitawanya mpaka mlango wa jiko. Mama hakunipa pole. Aliita majirani waje waone. Wakaja, na wageni wao!

Jioni niliweza kwenda hatua ishirini. Kusimama bado. Nasimama kwa kuanguka.

Jumamosi, 9 Julai

Kazini nimeaga kwamba tumbo linauma.

Pale Bukoba, mahali pa kuanzia, baiskeli mbili nyeusi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zote za kiume. Datius alikuwa amesimama karibu na ya kushoto. Nikasubiri aende kunywa maji, nikatoa spana mfukoni, nikalegeza nati za gurudumu la nyuma ili mnyororo uchomoke njiani. Filimbi ikapigwa. Jovita akaichukua ya kushoto. Kumbe ni ya baba yake! Nikafungua kinywa nimwambie. Nikakifunga. Ningesema nimejuaje?

Mimi nilianguka kona ya kwanza. Nikaomba lifti kwenye lori la magunia. Karibu na Muleba nikawaona Jovita na Datius kando ya barabara. Mnyororo ulikuwa umechomoka. Datius, aliyekuwa akiongoza watu wote, alikuwa amegeuza akarudi. Wamechuchumaa, grisi mpaka viwikoni, wanabishana nani afunge nati, wanacheka. Nikajificha katikati ya magunia.

Walifika wa mwisho, sambamba, kila mmoja akikataa kutangulia. Jovita hajawahi kucheka hivyo na mimi. Naona aibu. Hata hivyo nimepata wazo.

Jumanne, 12 Julai

Wazo lenyewe: omukago. Nichanjane na Datius tuwe ndugu wa damu. Ndugu wa omukago hagombei mchumba wa mwenzake. Akivunja kiapo, tumbo linavimba mpaka anakufa. Padri hapendi mambo haya, lakini nitaungama baadaye.

Datius alikubali papo hapo. Alilia! Akasema hana ndugu wa kuzaliwa naye. Akaja na wembe wake aliouchemsha, na ayodini. Ta Rweyemamu akasimamia. Tukapasua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili. Kila mmoja akachanjwa kitovuni, akapaka punje yake damu, akampa mwenzake ameze. Nikameza. Hotuba yangu ilikuwa tayari: ndugu yangu, kuna binti nimempenda.

Ta Rweyemamu akasema mkubwa ndiye anayetangulia kusema. Datius ananizidi miezi minne.

Akasema kuna binti amempenda. Kwao ni mbali, hana wa kumsemea, na leo Mungu amempa ndugu. Akaniomba nikapeleke posa kwa baba yake Jovita.

Nikamtazama mjomba. Akanikumbusha habari za tumbo.

Jumapili, 17 Julai

Nimekwenda Kaagya. Nilikuwa na hila ya mwisho: nimsemee Datius, lakini vibaya. Tumbo halitajua tofauti.

Mzee Gamaliel, baba yake Jovita, akanikaribisha kahawa ya kutafuna. Nikataja posa, kisha nikashusha sauti. Nikasema kijana ni mwema, ila hana hamu ya kushinda. Siku ya mashindano alikuwa mbele, akarudi nyuma kufunga mnyororo wa mtu mwingine, akafika wa mwisho.

Mzee akamwita Jovita, akamuuliza kama ni kweli. Jovita akatazama chini, akasema ni kweli, na tangu siku hiyo hana mwingine moyoni. Akasema Datius hakumsimulia mtu. Akaniuliza, mimi nilijuaje?

Nikasema nilikuwa kwenye magunia. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Posa imekubaliwa.

Jovita akanisindikiza mpaka barabarani. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia habari za nati. Akasema alijua. Kule Muleba aliona mpini wa spana umechomoza mfukoni mwangu. Akasema nisimwambie Datius kamwe, maana anawasimulia wagonjwa wote kwamba sasa ana ndugu.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Angenizaba kibao ningerudi nyumbani na nafuu. Nimetembea mpaka mjini nikiisukuma baiskeli, sikustahili kuipanda.

Jumapili, 24 Julai

Leo tangazo la ndoa limesomwa mara ya kwanza. Datius amenikumbatia mbele ya kanisa zima. Ameniomba nimsimamie. Nilitaka kumwambia ukweli, nikasikia tumbo linanguruma, nikaacha. Nimeungama kwa padri. Nimeahidi kwamba sitasema uongo tena kwa ajili ya mwanamke.

Halafu nikatambulishwa kwa binamu yake Jovita, Kokugonza. Ana sauti nzuri sana. Kila Jumamosi huogelea ziwani, kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba na kurudi.

Nimemwambia mimi ni mwogeleaji tangu utotoni. Tumepatana Jumamosi, saa tatu. Kesho nitamuuliza mjomba kama ana pipa kubwa la kujifunzia.