Alteneta ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Baba mkwe kapasuliwa macho asubuhi. Yote mawili. Kalala sebuleni kwetu, bandeji imemfunika hadi puani. Daktari kasema ifunguliwe Ijumaa saa tatu kamili, na dawa ataitia yeye mwenyewe, maana saa nne anasafiri kwa wiki mbili. Tukichelewa, jicho la kushoto halina dhamana. Kalirudia mara mbili, akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Kwa sababu ufunguo wa gari nimepewa mimi! Tena mbele ya mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, yule karani wa idara ya maji anayepiga pasi hadi soksi. Miaka sita Baba ananiita "huyo". Leo kasema Ijumaa nitampeleka mimi. Mwanyumba akameza mate. Nimefurahi hadi nikaona aibu.

Sasa mpango. Jumamosi mwenye duka la magodoro anachagua gari la kuzunguka mitaani na muziki, kutangaza duka lake jipya. Boksi langu la maspika, lililotoka kwenye ukumbi wa disko uliofungwa, limekaa uvunguni miaka miwili. Buti la Baba ni pana. Na Baba haoni. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 10 Juni

Boksi limeingia. Amplifaya nayo. Tatizo: besi ikipiga, taa zinafifia na injini inakohoa. Fundi umeme wa magari kacheka sana. Alteneta, kile kidude kinachochaji betri injini ikizunguka, eti ni ya taa na honi, si ya dansi. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata kubwa, imetoka kwenye gari la wagonjwa lililostaafu. Nimemwachia baiskeli yangu. Haikuenea mahali pake. Fundi kapiga tupa asubuhi nzima hadi ikakaa, shingo upande.

Halafu akaanza. Waya wa kutoka alteneta kwenda kwenye betri nao ubadilishwe, huu wa zamani mwembamba. Na mkanda pia. Mafundi! Ukiwapa shubiri wanachukua pima. Nikamwambia ana tamaa. Akafuta mikono, akasema polepole:

"Kaka, umeleta maji ya mto mzima, bomba umeacha lile la kumwagilia maua."

Nikafunga boneti.

Jumatano, 11 Juni

Inafanya kazi! Nimejaribu kwenye uwanja nyuma ya maghala. Taa hazitikisiki. Madirisha ya maghala ndiyo yalitikisika, mlinzi akatoka na rungu. Nimerudi nyumbani naimba.

Baba kauliza mbona gari lake linapiga mluzi likiwashwa. Ni mkanda; alteneta ni nzito, unateleza. Nikamwambia ni geti la jirani. Akasema geti hilo linaingia gia ya kwanza vizuri sana. Nimeupaka mkanda sabuni ya kufulia. Kimya! Ila injini sasa inanukia nguo zilizoanikwa.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Mwanyumba kaja kumjulia hali Baba, na mfuko wa matunda. Kalizunguka gari. Kauliza mbona limeinama nyuma. Nikakaa juu ya buti, nikakunja nne, nikasema springi zimechoka. Akaingia ndani. Akamwambia Baba, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kesho kaomba ruhusa kazini, gari lake lipo, si vizuri kubahatisha macho ya mzee.

Baba akageuza bandeji upande wangu, akauliza kama gari ni zima. Nikasema zima kama kigongo. Akamwambia mwanyumba ahsante, lakini neno lake keshalitoa, harudi nyuma. Mwanyumba kaondoka bila kunywa chai. Nilipaswa kufurahi.

Baadaye mke wangu kafungua boneti mwenyewe. Kagusa ule waya mwembamba, akarudisha mkono haraka. Plastiki yake imelainika. Hakugomba. Alisema tu, "Yale ni macho ya baba yangu."

Nimeapa kesho muziki hauwashwi. Nimemaanisha kabisa. Nilitaka hata kuing'oa amplifaya, lakini spana ilikuwa chumba cha pili.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika kwa mfuatano.

Saa mbili kasorobo tumeondoka. Baba mbele, mke wangu nyuma kakumbatia mfuko wa dawa. Muziki umezimwa. Mkanda kimya. Barabara nyeupe. Nikaanza kujiona mtu wa maana.

Saa mbili na robo, foleni. Haisogei hata unyayo. Nikainua macho: tuko mbele ya duka la magodoro. Na nani kasimama mlangoni, mikono kiunoni, anakagua magari? Mwenyewe! Nikajiambia hapana. Nikajiambia tena hapana. Foleni imeganda. Nikafikiri: sekunde kumi tu. Atanikumbuka kesho. Kidole kikaenda.

Nne. Nilipata sekunde nne. Yule bwana aligeuka, nilimwona anatabasamu! Kisha harufu. Kisha moshi, kila upenyo wa boneti. Injini ikazima katikati ya barabara. Waya umeyeyuka, umekatika. Nyuma yetu honi. Baba akashika dashibodi kwa mikono miwili, haoni kitu, anasikia harufu tu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, tunaungua?"

Miaka sita nimesubiri aniite mwanangu.

Mke wangu alimtoa kwa kumshika kiuno. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Nikasimama barabarani napungia magari, uso umejaa masizi. Madereva wakafunga vioo. Aliyesimama ni mwanyumba. Kumbe alitufuata tangu getini, gari la tatu nyuma yetu. Hakunisema. Akamkalisha Baba, akamfunga mkanda, akageuza, wakapita njia ya nyuma ya soko. Hakuna aliyeniaga.

Nikabaki namwagia injini mchanga. Saa tatu ikafika. Simu kimya. Saa tatu na robo. Nilimwomba Mungu kila kitu ambacho sijawahi kumwomba, nikaahidi kuuza maspika, nikaahidi hata kupiga pasi soksi. Saa tatu na nusu mke wangu akapiga. Walifika dakika kumi na mbili baada ya wakati. Daktari alikuwa keshavua koti, akalivaa tena. Baba anaona. Macho yote mawili.

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia. Fundi alikuja kulivuta gari, akajifanya anakagua tairi.

Mke wangu anasema Baba hakuomba kumwona mjukuu wake, mwanetu. Kaomba kuona gari.

Jumamosi, 14 Juni

Baba, aliyerudi kwake jana, amekuja gereji kwa miguu, miwani myeusi. Kafungua boneti. Kafungua buti. Kalizunguka gari mara mbili. Nikaanza kumweleza kuhusu kasoro za kiwandani. Akainua kidole.

"Siku nne nimefungwa macho, na kila siku nilikuwa nakuona."

Ufunguo kampa mwanyumba, ambaye aliufuta kwanza kwa leso. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenye magodoro kachagua mtu wa baiskeli na kipaza sauti cha mkononi. Ni yule muuza vyuma chakavu. Baiskeli ni yangu.

Jumapili, 15 Juni

Nimesamehewa! Baba kaniita kwake mchana. Kasema mtoto akikunyea kiganja hukati kiganja. Anakwenda kupumzika kwa dada yake wiki mbili, na kanipa kazi moja ndogo, aone kama naweza kubadilika: niilinde mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Mayai mia tatu. Umeme ukikatika, niwashe jenereta mara moja, maana mayai yakipoa yamekufa. Nisiguse kitu kingine. Kaniita mwanangu, safari hii bila moshi. Machozi yalinilenga. Nikaapa mbele ya mke wangu, na yeye akatazama dirishani.

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Kosa lilikuwa waya, na nimekubali, fundi alisema kweli. Waya wa jenereta hii nimeupima: mnene kama kidole gumba. Maspika hayakuungua hata moja. Na muuza vyuma chakavu, nasikia, sauti imemkauka tangu asubuhi.

Umeme haujakatika wiki nzima. Na jenereta ina magurudumu.