Usaili wa Bi Mkubwa na Bi Mdogo

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Kamati ya Kulinganisha Magari Madogo ya Njia Mbovu, Makongwe kwa Mapya, imekamilisha kazi yake kwa mafanikio makubwa, na kwamba hakuna gari lililochafuka katika zoezi hilo. Mimi ndiye Katibu wa Kamati, na muhuri nautunza mimi. Naandika haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi mitaani na mengi kati yake ni ya kweli, jambo ambalo si zuri kwa idara.

Idara yetu ya afya ina magari mawili. La kwanza ni gari fupi la pembe nne kama kasha, lina miaka ishirini na miwili, tumbo lake liko juu, na lina gia ya pili ndogo ya kupandia mlima. Watumishi wanaliita Bi Mkubwa. Hilo hufanya kazi zahanati ya mlimani. La pili lililetwa mgongoni mwa lori, viti vikiwa bado vimevishwa nailoni, likaitwa Bi Mdogo hata kabla ya kushushwa. Kwenye karatasi za manunuzi Bi Mdogo aliandikwa kuwa ni gari la mlimani. Alipofika, Mkurugenzi alimtazama, akaona amechoka na safari, akaagiza apumzike kwanza kwenye maegesho yake. Alipumzika miezi mitano, akiamka tu kumleta Mkurugenzi ofisini na kumrudisha nyumbani.

Tatizo liliibuka pale shemeji yake Mkurugenzi alipompenda Bi Mkubwa. Ana shamba lake mahali pabaya, na alitaka gari la kufika huko. Gari la serikali haliuzwi mpaka lithibitishwe kuwa halifai, kwa hiyo ilibidi Bi Mkubwa asifae, na asifae kisayansi. Ndipo Kamati ikaundwa. Mkurugenzi akawa mwenyekiti, nami nikawa katibu na pia mjumbe pekee, ili kubana matumizi.

Kikao cha kwanza kiligundua kwamba idara haina fomu ya kulinganisha magari. Nilipekua kabati nzima. Nikapata fomu za usaili wa watumishi wapya, zimepangwa vizuri, hazijaliwa na mchwa.

"Hizi hizi," alisema Mkurugenzi. "Gari si mtumishi? Linaamka asubuhi, linakwenda kazini, linadai matengenezo."

Sikuona kasoro yoyote katika hoja hiyo.

Usaili ulifanyika saa tatu asubuhi kwenye maegesho, mbele ya ofisi. Bi Mkubwa aliletwa na dereva wake, ambaye watu wanamwita Mzee Klachi. Kando yake garini alikuwemo Mkunga wa mlimani, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira na daftari la kliniki kwapani. Hakualikwa. Alishuka, akasalimia, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akatulia kama mtu aliyekuja kudai chake.

"Mkurugenzi, zimebaki wiki mbili mvua zianze," alisema. "Nina kina mama sita wa mwezi huu. Msininyang'anye gari."

"Dada, hapa hakuna kunyang'anya. Kuna mchakato."

Hapa sina budi kueleza, maana haki ni haki. Masika yaliyopita Bi Mkubwa alikatika mkanda wa feni, akakaa siku tisa gereji akisubiri sahihi. Ndani ya siku hizo wanaume wanne waling'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake mama mmoja mwenye uchungu, wakamshusha mlima kwa miguu. Mama alifika hai. Mtoto hakufika. Mimi niliandika tukio hilo kwenye kumbukumbu za kikao chini ya Mengineyo, na tangu siku hiyo sijawahi kumtazama yule Mkunga machoni zaidi ya nukta mbili.

Tukaanza. Kipengele cha kwanza kilikuwa Unadhifu, na Bi Mdogo akapata kumi kwa kumi. Cha pili, Lugha. Bi Mdogo alipofunguliwa mlango alisema kwa sauti tamu ya kike, "Tafadhali funga mkanda." Bi Mkubwa hakusema kitu ila alidondosha oili. Cha tatu kilikuwa Uzoefu. Bi Mkubwa anao wa miaka ishirini na miwili, lakini Mkurugenzi alifafanua kwamba uzoefu ukizidi ni uzee, nikaandika sifuri.

Kwa upande wa njia mbovu, ilibidi Kamati iwe mbunifu. Kwa mlima tulitumia ule mteremko wa saruji wa viti vya magurudumu vya wagonjwa, pale mlangoni. Kwa mto tuliomba beseni la maji ya deki.

"Kwani mlimani kwenyewe mtawapima lini?" aliuliza Mkunga.

"Mlima haumo ndani ya maegesho," alijibu Mkurugenzi.

Bi Mdogo aliusogelea mto. Alipobakiza hatua moja alilia pi-pi-pi, akafunga breki mwenyewe. Alirudia mara tatu. Mkurugenzi aliniambia niandike: "Ana nidhamu, haingii mahali bila kukaribishwa." Bi Mkubwa yeye alipita juu ya beseni na beseni likawa sahani. Nikaandika: "Ameharibu mali ya umma."

Mwisho tulifika kwenye usalama, nasi tukamwita Mzee Klachi atoe maoni ya kitaalamu.

"Mimi nasema ukweli," alisema huku akifuta mikono. "Bi Mkubwa hana mifuko ya hewa. Mkanda wa nyuma nimeufunga fundo. Ukimkimbiza kwenye lami anayumba, mwenyewe unasoma dua. Ila jiwe analijua. Huyu mdogo ana mifuko saba ya hewa, breki zina akili, ukigonga anakukumbatia. Shida yake moja tu."

"Ipi?"

"Hafiki mahali pa kugongea. Tumbo liko chini. Jiwe la kwanza tu, kakalia."

Mkurugenzi alinigeukia. "Andika: mtaalamu amethibitisha mifuko saba."

Bi Mdogo akapata alama tisini na nane. Bi Mkubwa akapata kumi na moja, zikiwemo mbili za kuhudhuria. Nikagonga muhuri, na nakala ikaenda Wizarani mchana ule ule kwa sababu shemeji alikuwa na haraka.

Mkunga aliinuka kwenye benchi. Nilitegemea machozi, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumfariji kutoka kwenye waraka.

"Katibu," alisema, "naomba nakala ya fomu."

Nikampa. Akaisoma pale pale, amesimama, kidole kikifuata mistari. Alipofika chini akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa ya utumishi wangu sijaona mtu akilifanya. Aliigeuza.

Nani alijua kwamba fomu ina mgongo? Sisi hujaza mbele, tunagonga, tunafunga faili. Yeye alisoma huko nyuma polepole, akaikunja, akaiweka kwenye daftari lake la kliniki. "Asanteni kwa kazi," alisema. "Mungu awabariki." Nikajua kuna jambo.

Siku nne baadaye ikaja barua ya Wizara. Ilitupongeza. Kisha ikanukuu mgongo wa fomu. Kifungu cha kumi na saba: atakayeongoza kwa alama atapangiwa kituo chenye mazingira magumu kuliko vyote, na mkuu wa idara atamfikisha yeye mwenyewe. Cha kumi na nane: wasiochaguliwa watarudi kwenye vituo vyao vya awali, na hawataachishwa kazi kwa sababu ya usaili huu. Cha kumi na tisa: mteule atakayeshindwa kufika kituoni hatarudi makao makuu, bali atatumika pale pale aliposhindwa. Chini kabisa waliandika kwamba wanashukuru pia kwa barua ya Mkunga, iliyowakumbusha kusoma pande zote mbili.

Mkurugenzi alisoma barua mara tatu. "Hii fomu ulileta wewe," aliniambia.

"Ilikuwa haijaliwa na mchwa, mheshimiwa."

"Laiti ingeliwa."

Jumatatu tukaondoka. Bi Mdogo aliendeshwa na Mkurugenzi, mimi nikiwa kando na muhuri mapajani, nailoni za viti zikitulilia kila kona. Nyuma yetu walikuja Bi Mkubwa, Mzee Klachi na Mkunga. Kilomita arobaini za lami tulizikata kwa raha, Bi Mdogo akiteleza kama anapiga pasi. Kisha lami ikaisha na mawe yakaanza.

"Pi-pi-pi," alisema Bi Mdogo.

"Twende," alisema Mkurugenzi.

Bi Mdogo akafunga breki. Mkurugenzi akabonyeza vitufe vyote mpaka akazima ile akili yake, akakanyaga mafuta. Tukasikia mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu. Tukawa tumekaa juu ya jiwe, magurudumu mawili yanazunguka hewani, na sauti tamu ikituhimiza kufunga mikanda.

Mzee Klachi alishuka, akafunga kamba, akatuvuta nyuma mpaka kwenye lami. Wakati huo huo simu ya Mkunga iliita. Alisikiliza kidogo tu.

"Chupa imepasuka," alisema. "Klachi, panda."

Bi Mkubwa aliingiza ile gia yake ndogo, akanguruma, akapanda yale mawe jiwe kwa jiwe kama bibi anayepanda ngazi za nyumba yake. Sisi tulibaki pale kando ya barabara saa moja na nusu. Mkurugenzi aliiwasha tena ile akili ya Bi Mdogo, kisha akawa akiikagua mikwaruzo. Mimi nilikuwa naukumbuka ule mlango uliong'olewa, na ninakiri kwamba niliogopa sana.

Walishuka mbio. Mama alikuwa kiti cha nyuma anauma kanga, mama mkwe wake akimshika mgongo. Mkunga alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la Mkurugenzi.

"Kwenye lami Bi Mkubwa anayumba, na mkanda wa nyuma ni fundo. Mlisikia wenyewe. Mama anapanda humu. Endesha."

"Dada, hizi nailoni..."

"Zitasaidia. Endesha!"

Aliendesha. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mkurugenzi alifanya jambo bila kuunda kamati. Tulipokaribia kona ya kwanza mama mkwe alimgonga begani.

"We dereva, taratibu!"

"Mama, mimi ni Mkurugenzi."

"Hongera, mwanangu. Punguza mwendo."

Akapunguza. Mbuzi alijitupa barabarani, Bi Mdogo akafunga breki mwenyewe, hakuna aliyeumia. Tulifika hospitali, na dakika ishirini baadaye tulisikia mtoto analia mpaka nje kwenye maegesho. Nilitoa kalamu niandike tukio, nikakosa kipengele chake. Mengineyo nilikataa. Nikafungua ukurasa mpya.

Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa, Bi Mdogo sasa ana kituo chake rasmi pale lami inapoishia, chini ya kibanda cha mabati. Bi Mkubwa, mwenye mkanda mpya wa nyuma, huwashusha kina mama kutoka mlimani, na Bi Mdogo huwapokea. Kamati inatamka kwamba hayo ndiyo yalikuwa matokeo yake tangu mwanzo. Shemeji anakwenda shambani kwa miguu.

Mkurugenzi naye anatembea, maana Bi Mdogo hayupo tena kumchukua. Ofisi yake iko kilomita tatu kutoka nyumbani kwake, na njia ni mbovu kwa viatu. Wiki iliyopita aliniagiza niunde Kamati ya Kulinganisha Viatu, Vikuukuu kwa Vipya. Nimeshatoa fomu kabatini. Safari hii nimeanza kusoma nyuma.