Kikopo cha Mtu Msafi

Jumatatu, 4 Machi
Haki iko wapi? Bi Mkuu wa maabara anatafuta msimamizi wa ubora kwenye meza ya kupimia choo, na macho yote kwa Miwani! Miwani, mpimaji mwenzangu tuliyempa jina hilo kwa miwani yake, aliyenikuta hapa! Eti yuko makini. Kila asubuhi, kabla hajagusa kikopo cha mgonjwa, anapima kwanza viwili vya mfano: kimoja chenye minyoo, kimoja safi. Mbwembwe tupu. Tumbo linaninguruma kwa hasira.

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake ninayo. Huyu huona minyoo kila mahali. Nitampenyezea kikopo safi, jina la mgonjwa nimebuni. Akiandika minyoo, kwisha habari yake. Na nani msafi kunishinda? Nimekijaza mwenyewe. Mke wangu kanifokea kwa kula pera bila kuliosha. Nikamuuliza mtaalamu wa minyoo humu ndani ni nani.

Jumatano, 6 Machi
Kanasa! Kaandika mayai ya minyoo, tele! Nikamshtaki kwa Bi Mkuu mbele ya wote: huyu anabuni majibu, aondolewe. Bi Mkuu akauliza nina hakika gani. Nikapiga kifua. Choo ni changu!

Mfagizi akaacha kudeki. Bi Mkuu akainamia darubini, kisha akaniita nitazame. Mayai. Nikasema lenzi chafu. Akabadili darubini. Nikasema maji ya chumvi ya kuchanganyia choo yameoza. Akachanganya mapya. Yaleyale! Hii ni njama, wallahi.

Alhamisi, 7 Machi
Miwani kapewa cheo. Mimi nimepewa vidonge! Kanikabidhi yeye mwenyewe, kwa upole, akanisihi nioshe matunda. Dharau gani hii? Nyumbani mke wangu kacheka hadi kakaa sakafuni. Nimeumia, sina pa kulia.

Ijumaa, 8 Machi
Kosa nimeliona. Nilitumia choo cha mtu mwenye hasira, na hasira huvuruga tumbo. Safari hii nitatumia cha shemeji, mdogo wake mke wangu. Hana kazi, hana mawazo, hajaugua hata siku moja. Usafi wake naujua, tunakula sahani moja. Vidonge nimetupa, mtu mzima hatishwi. Shemeji kakubali bila maswali. Kapokea kikopo kwa mkono mmoja, mwingine ukimalizia pera langu.