Mwananchi wa Kawaida (Kaimu)

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba Mamlaka yetu ya Maji, baada ya kutafuta kwa siku kumi na moja, imempata Mwananchi wa Kawaida. Ni mimi.

Naomba nieleze utaratibu ulivyokuwa, maana mtaani wapo wanaosema nilipendelewa.

Wizara ilileta waraka. Ulisema ripoti ya mwaka isiwe tena lile dude la kurasa mia tatu, ambalo kwetu lilikuwa likifanya kazi nzuri sana ya kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Kuanzia sasa ripoti iwekwe kwenye mtandao, iwe fupi, isomeke kwenye simu, na mwananchi wa kawaida apate anachokitaka kwa kubonyeza mara tatu bila kusaidiwa na mtu. Na siku ya uzinduzi, mwananchi huyo aijaribu mbele ya Mkaguzi kutoka Wizarani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Jengo letu lina ghorofa nne na ndani yake hakuna mtu wa kawaida. Kila mlango una cheo. Hata mzee wa getini ni Afisa Udhibiti wa Lango, na anayempokea zamu anakaimu. Kamati ya Kumtambua Mwananchi ikakaa vikao sita. Kwenye kikao cha sita niliingia na birika la chai, na Afisa Habari, kijana mwenye shati la kubana, akanitazama kama mtu aliyekuta funguo zake ndani ya kiatu.

"Dada, wewe cheo chako nini?"

"Napiga deki, napika chai."

"Kwenye orodha ya Mamlaka umeandikwaje?"

Wakafungua orodha. Nilikuwa chini kabisa, baada ya mafeni. Mengineyo.

"Shule?"

"Ya msingi. Nilimaliza."

Wajumbe wakapiga makofi. Siku ileile nikapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni: MWANANCHI WA KAWAIDA (KAIMU). Kaimu, kwa sababu kuthibitishwa kunataka shahada.

Nilipofika nyumbani shangazi akakishika kitambulisho, akakigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Ninaishi naye nyuma ya kiwanda cha magodoro. Yeye anafua nguo za watu, na kufua kunataka maji, na bomba la mtaa wetu lilikuwa halijatoa hata tone kwa miezi mitano. Kila asubuhi alikuwa anavuka barabara kuu na ndoo mbili. Nguo zikawa zinachelewa, wateja wakaanza kumkimbia, wakabaki wanne. Alishaniambia: wakifika wawili anafunga, anarudi kwa kaka yake safari ya siku nzima kutoka hapa, na mimi chumba sina na kazi sina.

"Kwa hiyo wewe ndiyo mwananchi?" akaniuliza.

"Kaimu, shangazi."

"Sasa si uwaulize maji yanatoka lini? Au hilo limekatazwa kwa makaimu?"

Nikamwahidi nitauliza.

Majaribio yalifanyika chumba cha mikutano. Nilipewa simu, na Afisa Habari akashika saa. Zoezi la kwanza lilikuwa kulitafuta Neno la Mkurugenzi. Sikulitafuta, lilinitafuta lenyewe. Ukifungua tu ripoti, Mkurugenzi anatokea amekunja mikono kifuani, anaongea dakika tisa, na hakuna pa kumzima.

"Umeguswa?" Afisa Habari akauliza lilipokwisha.

"Simu imepata moto."

Akaandika: Ameguswa.

Zoezi la pili lilikuwa ramani. Mitaa iliyofikiwa na huduma imepakwa rangi ya buluu. Nikautafuta wetu, nikaukuta buluu mpaka unang'aa. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kwa hiyo nikaona nimuulize palepale.

"Samahani mzee, hapa kwetu maji hayatoki."

"Bomba lipo?"

"Lipo."

"Basi mmefikiwa. Hii ni ripoti ya mabomba, binti. Maji ni suala la uendeshaji."

"Nimeelewa mzee. Ila mimi naona mtu akifungua, kitu cha kwanza aone maji yanatoka mtaa gani na saa ngapi. Na pawe na mahali pa kuandika kama hayatoki."

Feni tu ndiyo iliendelea na mjadala.

"Hayo ni maoni yako binafsi," Afisa Habari akasema kwa upole. "Sisi tunataka maoni ya mwananchi wa kawaida."

"Si ndiyo mimi?"

"Kaimu."

Sikubishana. Mtu anayepiga deki anajua kungoja sakafu ikauke. Lakini Mkurugenzi ni mtu wa kuona mbali, na aliona kwamba maneno yale nitayasema tena mbele ya Mkaguzi. Mtu mwingine angenifukuza. Yeye akanipandisha cheo. Kesho yake nikapewa barua kwamba mimi sasa ni Afisa Ushirikishwaji wa Wananchi, Daraja la Mwisho, kwa mshahara uleule na dekio lilelile. Na kwa kuwa mwenye cheo hawezi kuwa mtu wa kawaida, nafasi yangu ya zamani ikatangazwa wazi. Kazi yangu mpya ikawa kumfundisha atakayenirithi.

Huyo alipatikana mchana mmoja tu, bila kikao. Tukaambiwa ni mkazi aliyechaguliwa kwa bahati nasibu. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Niliona kwamba bahati nasibu ilimleta kwa gari la Mkurugenzi. Niliona pia kwamba alipoingia, Mkurugenzi alisimama, akampa kiti chake mwenyewe, akasema "Shikamoo mama" huku akiitazama sakafu. Mkurugenzi hasimami hata kwa Katibu Mkuu wa Wizara.

Tulipobaki wawili nikamuuliza.

"Mama, mnafahamiana na Mkurugenzi?"

"Kamuoa binti yangu wa tatu. Kaniomba nije nibonyeze kitu halafu nirudi nyumbani. Kinabonyezwa wapi?"

Nilimfundisha siku tatu. Alikuwa mwepesi kuliko kamati nzima. Neno la Mkurugenzi alilisikiliza mara moja, akaifunika simu kwa kiganja.

"Hata nyumbani anaongea hivihivi. Hapa amezidisha tai tu."

"Ni dakika tisa, mama."

"Nyumbani hatuna saa." Akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. Nilipomwokotea akaniuliza, "Na wewe mwanangu unakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kwa shangazi yangu, anafua nguo."

"Maji mnayo?"

"Mwezi wa tano huu hayatoki."

"Na unafanya kazi hapa? Kwenye maji?"

"Ndiyo mama."

Akasonya, msonyo mrefu, wa kutosha ghorofa mbili.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye daftari, asiyegusa chai ya mtu. Akamkabidhi mama simu.

"Mwananchi, tafuta chochote unachotaka kukijua. Asikusaidie mtu."

Mkurugenzi akatabasamu. Alikuwa amekubaliana na mama kwamba atatafuta ukurasa wa Tuzo na Pongezi.

"Mimi kwangu maji hayakatiki," mama akasema. "Mkwe wangu alishaliangalia hilo. Kwa hiyo sina cha kuuliza. Nitauliza la huyu binti aliyenifundisha."

"Mkwe wako ni nani?" Mkaguzi akauliza.

Mama akamwonyesha kwa kidevu. Mkurugenzi akaanza kukagua viatu vyake.

Mama akabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa kweli ripoti ilifuata waraka.

"Huu hapa mtaa wao. Pameandikwa umefikiwa. Binti anasema maji hayatoki. Sasa mkwe wangu, mkweli nani, simu au huyu binti?"

"Mama, kitaalamu..."

"Kitaalamu sijui. Maji yapo au hayapo?"

Nataka mlielewe lile jambo. Mkurugenzi amejibu Bunge. Amejibu magazeti. Amewahi kujibu barua ya wakazi mia mbili kwa sentensi moja. Lakini hakuna waraka unaoeleza jinsi ya kumwambia mama mkwe, mbele ya watu, kwamba maji ni suala la uendeshaji.

"Yapo, mama," akasema, kwa sauti ya kijana aliyekuja kuposa.

"Vizuri sana. Basi kesho asubuhi napeleka mapazia yangu yakafuliwe kwa shangazi yake. Nitakaa palepale mpaka yaishe."

"Saa ngapi?" Mkaguzi akauliza, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Jioni ileile magari matatu ya Mamlaka yaliingia mtaani kwetu, na Mkurugenzi ndani ya la mbele. Mafundi wakachimba mbele ya kiwanda, wakachimba nyuma ya kiwanda, wakalisikiliza bomba kama daktari. Hawakuona kasoro yoyote. Mwisho fundi mmoja mkongwe akajikuna kichwa.

"Mzee, ile koki kuu tuliifunga miezi mitano iliyopita. Siku ya kupiga picha ya ripoti."

"Nani aliagiza?"

"Afisa Habari. Ulikuwa unasimama bombani, akasema utalowa viatu."

"Na kuifungua?"

"Kuifungua hakukuwekwa kwenye mpango kazi."

Fundi akaizungusha koki mara nne. Bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Shangazi akakinga ndoo, akatazama kwanza maji, kisha koki, kisha Mkurugenzi.

"Mara nne tu?" akauliza.

Mkurugenzi akapanda gari. Lilikuwa swali la uendeshaji.

Asubuhi mama alikuja na mapazia, akakaa kwenye kigoda mpaka la mwisho likaanikwa, na Mkaguzi akasimama pembeni yake. Tangu hapo mama huja kila wiki, na kila wiki Mkurugenzi humpigia shangazi simu mapema, kwa adabu, kuuliza kama yanatoka. Wateja wamerudi, wamefika kumi na tisa. Yale mambo ya kuhamia kwa kaka yake, shangazi hataki hata kuyasikia.

Nayo Wizara imetoa waraka mpya. Majaribio kwa mwananchi wa kawaida yamefutwa, kwa kuwa imeonekana hana nguvu ya kutosha kitaasisi. Badala yake, ripoti ya kila taasisi itajaribiwa na mama mkwe wa mkuu wa taasisi hiyo, hadharani, na maswali atayachagua yeye. Wakuu wa taasisi ishirini na mbili wameandika barua ya pamoja wakimwomba mwananchi wao wa kawaida arudi. Barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Wale ambao bado hawajaoa wamepewa miezi mitatu.